Mbuzi wa Kazi Mpya

Kuna wanaoponzwa na pombe, kuna wanaoponzwa na wanaume. Dorotea kaponzwa na shukrani. Mtu mzima, akili zake timamu, kasimama mbele za watu anamshukuru Mungu wakati nyumba bado haijawa yake. Na alikuwa ameambiwa anyamaze. Aliambiwa na mumewe, tena kwa kubembelezwa.

Nyumba yenyewe iko Mkolani, kule juu kwenye mawe, ukipanda na ndoo ya maji mpaka ufike magoti yanalia. Vyumba vitatu, bati limekula kutu, choo cha nje. Si nyumba ya kumtoa mtu roho. Mwenye nyumba alikuwa Mzee Otuoma, Mjaluo wa Shirati, alikuja Mwanza kijana akafanya kazi melini mpaka akastaafu. Dorotea na Josephat walipanga hapo hata ndoa hawajafunga, na mtoto wao wa kwanza akazaliwa humo. Wakamwita Precious. Akafia humo humo, hata kutembea hajaanza. Homa ilimshika jioni, asubuhi hayupo.

Josephat siku zile alikuwa kibarua, hana hata hela ya gari la kumpeleka mtoto kwao Magu akazikwe. Ndipo mzee alipofanya jambo ambalo mwenye nyumba mwingine asingelifanya.

"Kwetu mtoto hatumtupi kwa watu wasiomjua," alisema. "Kazaliwa hapa, alale hapa."

Akavua shati akachimba mwenyewe, mbele ya nyumba, pembeni ya mpapai. Mkolani ilikuwa bado mashamba, hakuna wa kuuliza. Wakafukia, wakaweka jiwe bapa juu yake, basi.

Walikuja kuzaa wengine wawili, wa kiume, Elias na mdogo wake, wanasoma. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumwita Dorotea kwa jina la hao. Ni Mama Precious. Kila asubuhi akifagia uwanja alikuwa analizunguka lile jiwe na ufagio, polepole, kama vile unavyofagia mtu amekaa na hutaki kumwinua.

Sasa mwaka huu mzee akawaita wote wawili, akawakalisha.

"Josephat, mimi naenda nyumbani. Mwanaume wa kwetu hafii kwenye mji wa watu. Nataka nijenge boma langu Shirati bado nina nguvu ya kusimamisha nguzo. Nyumba nauza. Naanza na nyinyi kwa sababu mna mtu wenu hapa."

"Asante mzee," Josephat akasema. "Tupe muda kidogo."

"Kidogo nawapa. Mwingi mimi mwenyewe sina." Akakohoa, na kile kikohozi chake hakikuwa cha mafua.

Josephat kufikia hapo alikuwa fundi wa mitambo ya barafu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, ajira ya kudumu, kitambulisho shingoni. Mzee alikuwa na hati ya kiwanja, safi. Wakaenda benki kuomba mkopo wa nyumba. Aliyewapokea ni binti mmoja anaitwa Gladness, mwembamba, mwenye adabu, na aliwaambia ukweli siku ya kwanza.

"Baba, tusidanganyane. Benki haimkopeshi mtu, inakopesha ajira yake. Mpaka hela ziingie kwa huyo mzee, kazi yako usiiguse. Bosi akikutukana, mwamkie."

"Kuhama kazi siwezi, mwanangu. Nihamie wapi?" Josephat akacheka.

Alicheka mapema.

Benki ikamtuma mthamini aje kuipima nyumba. Kijana wa viatu vya kung'aa, akapanda mawe anatweta. Akapima, akapiga picha, akafika kwenye mpapai akasimama.

"Mama, hiki nini?"

Dorotea alijua. Alishasikia watu wanasema benki haipendi nyumba yenye kaburi, maana siku ukishindwa kulipa, nani atanunua maiti ya mtu? Akamwangalia yule kijana usoni.

"Jiwe," akasema.

"Jiwe tu?"

"Baba, huku Mkolani huoni? Kila mahali mawe."

Kijana akalikanyaga, akapita. Na alipoondoka Dorotea alikaa chini pale pale kwenye vumbi, chakula cha mchana hakikupikwa siku hiyo.

Jumapili yake ndiyo akaweka nadhiri. Maana kiwandani nako kulianza kuyumba. Sangara wameadimika, wafanyakazi wanakaa siku mbili hawafanyi kazi, mshahara unakuja ukijisikia. Akapiga magoti akamwambia Mungu: nimekosa kwa mwanangu, lakini mpe mume wangu kazi isiyoyumba, nami nitakuletea mbuzi. Watu wa aina hii hufikiri Mungu ni mnunuzi wa mifugo. Hakuna aliyemwomba huyo mbuzi. Alimtaja mwenyewe.

Na kazi ikaja. Ng'ambo, Kamanga, pale kinapotia nanga kivuko, mtu mmoja alikuwa amefungua kiwanda kidogo cha barafu ya wavuvi na anataka fundi. Mshahara mzuri kuliko wa zamani. Ila akasema Josephat aanze wiki hiyo hiyo, akisitasita anamchukua mwingine. Na benki ilikuwa imeshapitisha mkopo, karatasi zimesainiwa, imebaki hela kutoka tu.

Josephat alizunguka uwanja ule kama kuku mwenye kideri. Akibaki kiwandani, kikifungwa atalipa mkopo na nini? Akiondoka, benki ikijua, mkopo hakuna. Mwishowe akaamua. Akaacha kazi, akaanza kupanda kivuko asubuhi, na benki hakuwaambia. Uite uongo, uite akili, utakavyo.

"Wiki ijayo hela zinatoka," alimwambia mkewe. "Rejesho nitakuwa napeleka mwenyewe, hakuna atakayepungukiwa. Tukae kimya tu, Mama Precious. Wiki moja."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi gani?"

"Wa nadhiri. Kazi si imekuja?"

Josephat alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama yuko mbele ya hakimu. "Mpeleke hela zikishatoka. Mungu hana haraka."

"Usimtanie Mungu, Baba Precious."

"Simtanii. Nakuomba wewe."

"Nimemkana mwanangu mbele ya mtu wa viatu. Nimesema jiwe. Halafu na mbuzi nimzuie? Tutaipata hiyo nyumba kwa laana?"

"Basi mpeleke kimya kimya. Usiseme wa nini."

"Nitasema wa shukrani. Shukrani ni shukrani."

Hapo Josephat angemfungia mbuzi ndani na ufunguo akaenda nao Kamanga. Hakufanya. Mwanaume mpole naye ni hasara.

Jumapili Josephat alikuwa zamu. Dorotea akafunga kitenge kipya, akamvuta mbuzi wake mpaka kanisani. Pale kanisani kwao, anayeleta sadaka ya vitu, kuku, ndizi au mayai, baada ya ibada vinapigwa mnada nje, hela inaingia kanisani. Mnadi ni mzee wa kanisa, Revocatus, mtu ambaye mdomo wake ungeuza moshi. Siku hiyo kulikuwa na ubatizo, watu wamejaa, wageni wamevaa.

Revocatus akamshika mbuzi pembe.

"Huyu wa nani? Wa Mama Precious! Simama mama tukuone. Huyu mbuzi wa nini?"

"Wa shukrani."

"Shukrani ya nini?"

"Ya shukrani tu, mzee."

"Aa, hapana! Hapa hatununui mbuzi bubu. Nani atatoa hela yake kwa mbuzi hasemi?"

Watu wakaangua kicheko. "Sema mama!" "Kapata mimba huyo!" "Kwa umri ule? Basi mbuzi hatoshi, lete ng'ombe!"

Angeweza kukaa. Angecheka nao akakaa, mbuzi angeuzwa hata akiwa bubu. Lakini ukweli ni kwamba Dorotea alitaka kusema. Miaka yote hiyo yeye ni wa kupewa pole. Hapo kanisani kila mwanamke alishamshika mkono akamwambia Mungu anajua. Alitaka siku moja awe na habari njema yake mwenyewe, watu wampigie vigelegele. Na wiki ilikuwa imebaki siku tatu tu.

"Ni wa kazi mpya," akasema. "Baba Precious kaacha kile kiwanda. Kapata kazi mpya Kamanga, ameshaanza."

Vigelegele vikapasuka.

"Mbuzi wa kazi mpya!" Revocatus akapayuka. "Mnamsikia Josephat? Fundi wa Kamanga! Anayemla huyu na yeye anapata kazi mpya! Naanza na nani? Yule dada pale, mwenye gauni la bluu, mkono nimeuona, asante dada, nani anaongeza?"

Dorotea akageuka kumwangalia dada mwenye gauni la bluu, aibu za furaha zimemjaa, amshukuru kwa kichwa. Alikuwa Gladness. Mkono bado uko juu. Halafu ukaanza kushuka, taratibu, kama mtu anayeshusha kitu asikivunje.

Mbuzi akaenda kwa mtu mwingine. Dorotea hakumwona nani. Alisukumana na watu akamkuta Gladness getini.

"Gladness, mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umesikia..."

"Nimesikia mama."

"Si ufanye kama hujasikia? Nakuomba. Mimi mama yako."

Gladness aliangalia nyuma. Chini ya kivuli cha kanisa alisimama mwanaume wa shati jeupe, kambeba mtoto wa ubatizo. "Yule ni meneja wangu. Ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Mimi ningenyamaza mama, haki ya Mungu. Lakini yeye ndiye kaniinamia sikioni, kaniuliza: Josephat fundi, si yule wetu?"

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje?" Macho ya yule binti yakajaa maji, na Dorotea akamchukia kwa hilo, maana kulia ilikuwa zamu yake. "Siku tatu mama! Karatasi ziko mezani kwangu. Mngenyamaza siku tatu."

Mkopo ukasimamishwa. Josephat aliitwa, akaambiwa kwa upole kabisa kwamba kwenye kazi mpya yuko kwenye matazamio, miezi sita, akithibitishwa aje aanze upya. Hakuna aliyemgombeza. Alirudi nyumbani akakuta mkewe kakaa kizingitini, akampita, akanywa maji, akatoka tena. Dorotea alisubiri matusi, alisubiri hata kofi. Vyote havikuja, siku hiyo wala baadaye. Mtu akikutukana unaweza kumjibu.

Akaenda mwenyewe kwa Mzee Otuoma, akapiga magoti.

"Mzee, miezi sita."

Mzee alikuwa kalala kwenye kiti chake cha kamba, shuka mpaka kifuani. "Min Precious," akasema, maana alikuwa akimwita hivyo, mama wa Precious kwa kwao, "simama. Usinipigie magoti mimi si kanisa. Ningekuwa na miezi sita ningekupa yote."

"Na mtoto?"

Mzee akafumba macho. "Nitamwambia atakayenunua. Kumwambia ndiyo naweza."

Akanunua Masele, tajiri wa dagaa wa kule Mwaloni, Kirumba, hela mkononi. Alikuja kuangalia uwanja, tumbo mbele, si mtu mbaya. Akaonyeshwa jiwe. Akavua kofia yake hata.

"Pole mama. Mimi nina watoto. Siwezi kumchimbua mtoto wa mtu."

"Asante baba," Dorotea akasema.

"Atabaki hapo hapo. Mimi nitamwaga zege tu uwanja mzima, fuso langu la mizigo lipate pa kulala. Tena atakuwa amejisitiri, hata mvua haimfikii."

Na alisema hivyo kwa wema. Hilo ndilo linalotisha.

Mwezi haukuisha, kile kiwanda cha minofu kikafungwa kweli. Majirani wakaja mbio kumfariji: unaona sasa, Mama Precious, hata mngenyamaza mngeikosa tu, ilikuwa haikuandikwa. Waongo. Hela zingekuwa zimeshatoka, mzee kapanda gari kwenda Shirati, hati iko benki, na Josephat analipa mkopo kwa mshahara wa Kamanga, ambao mpaka leo unakuja kwa wakati. Nyumba ingekuwa yao. Dorotea analijua hilo, na hao wanaomfariji wanalijua pia.

Siku ya kuhama alishika ufagio akafagia uwanja. Kijana wa Masele wa kushusha saruji akamwambia, "Mama acha, kesho panamwagwa zege hapa." Akaendelea. Alilizunguka lile jiwe taratibu, akamaliza, akasimamisha ufagio ukutani. Mzee Otuoma alishaondoka. Walisikia baadaye kwamba boma halikufika kwenye bati, mzee akatangulia mbele za haki.

Walipata vyumba viwili Kirumba, nyumba ya wapangaji wengi, uwanja wa saruji, bomba moja. Josephat anashusha kitanda kwenye mkokoteni, Dorotea kasimama na beseni lake la vyombo. Mwanamke wa chumba cha jirani akatoka na khanga kifuani, anatabasamu.

"Karibuni jirani! Mimi Mama Rose. Wewe tukuite mama nani?"

Dorotea akaangalia beseni.

"Mama Elias," akasema.

Josephat alisikia. Aliendelea kushusha kitanda.