Kiti cha Kushoto

Juzi, kwenye gereji moja Kitale nilikokuwa, kijana mwenye gari la spoti alimwambia fundi anayepima magurudumu, "Yalaze zaidi kwa ndani kama ya mashindano, bana."

Fundi akapitisha kiganja kwenye tairi la mbele. Ukingo wa ndani ulikuwa umeisha kabisa kwa kulazwa hivyo.

"Kwani unashindana wapi?"

"Si napelekanga tu mama soko ya Myanga."

"Basi mwite akae kiti chake cha kushoto, nipime na uzito wake."

Mama yake, aliyekuwa akingoja hapo, akainuka kwenye benchi. "Na kikapu niache?"

"Ingia nacho, mama. Si huwa unakipakata?"

Fundi akayasimamisha magurudumu karibu wima. Kijana akajaribu gari barabarani, akarudi anacheka: linaenda moja kwa moja.

Tangu siku hiyo, gari la spoti likinipita kwa ngurumo, mimi huchungulia kwanza kiti cha kushoto.