Mkwe Wangu wa Vidole vya Zambarau

Mkwe wangu alipigwa mara nne ninazozijua mimi, na zote nne kwa sababu ya nyama. Ya tano ndiyo iliyomwondoa. Siku hiyo nilikuwepo, kwa hiyo nitaisimulia mimi. Wale waliokimbia wakaacha ndara zao kwenye damu wanyamaze.

Alikuwa mkaguzi wa nyama. Alisimama machinjioni tangu alfajiri, kwenye sakafu ya saruji yenye mfereji katikati, akingoja ng'ombe achunwe na kutundikwa. Halafu alipita na kisu chake kifupi. Alikata ini, alikata tezi za chini ya taya, aliminya mapafu kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Akiridhika, alingoja. Hapo ndipo watu walipoudhika. Alingoja nyama ikauke juu, ipigwe na upepo kidogo, ndipo apige muhuri. Miwili tu, mmoja pajani, mmoja begani. Duara safi la zambarau, kila herufi inasomeka. Mimi kusoma nilijifunza ukubwani, kwa kuokoteza okoteza, lakini muhuri wa mkwe wangu niliusoma.

Asiporidhika, nyama ilimwagiwa mafuta ya taa hapo hapo, ikazikwa shimoni, chokaa juu. Mafuta ya taa ni kwa sababu bila hayo watu huifukua. Msiniangalie hivyo. Nimewaona wakifukua, na mmoja wao alikuwa mwalimu.

Sasa balaa lilikuwa hapa. Mchinjaji alilipwa kwa ng'ombe aliyetoka na muhuri. Ng'ombe aliyezikwa, jasho lake limekwenda bure. Kwa hiyo aliyemchukia mkwe wangu hakuwa tajiri peke yake. Alikuwa baba wa watoto watano, amechuna ng'ombe asubuhi nzima, halafu anasimama kutazama mafuta ya taa yakimwagwa juu ya chakula cha wanawe. Aliyepanga malipo yale alikaa ofisini na feni, hakuwahi kupigwa hata kofi. Ngumi zote zilimwendea mkwe wangu. Ya kwanza ilimtoa jino. Ya pili walimtumbukiza kichwa kwenye pipa la damu. Ya tatu na ya nne zilifanana, mbavu na mbavu.

Watu hupenda kuuliza ukaidi wake ulianzia wapi, kama alifiwa na mdogo wake kwa nyama mbovu, au aliota ndoto. Haukuanzia popote. Aliajiriwa kukagua, akakagua. Basi.

Mimi nilimkataa mwanzoni, sifichi. Nilikuwa na gogo langu pale pale machinjioni, mlango wa nyuma, napasua vichwa vya ng'ombe kwa shoka na kuviuza. Miaka thelathini na mbili, na vidole vyangu vyote kumi ninavyo. Binti yangu alipokuja kuniambia amepata mtu, nilimuuliza ni nani.

"Yuko hapo kazini kwako, mama."

"Mchinjaji?"

"Mkaguzi."

"Yule wa zambarau? Mtu gani anayelipwa kuchungulia maini?"

"Mama, wewe unalipwa kupasua vichwa."

Nilimrushia kikombe. Alikiepa, maana ni mwanangu, macho anayo. Wakaoana. Bwana harusi alikula pilau kwa vidole vya zambarau, na nguo nyeupe ya binti yangu ikapata alama mgongoni ambayo sabuni haikuitoa.

Mwaka wa ukame ng'ombe waliadimika. Foleni ya wanawake ilikuwa ikijipanga nje ya lango la machinjio kabla jua halijatoka, wakitafuta hata utumbo, hata kwato. Asubuhi moja likaingia lori la Mwenyekiti. Huyu alikuwa mwenyekiti wa wauza nyama wote, mwenye ng'ombe, mwenye mabucha, na mwenye simu ya kumpigia yeyote. Wanyama kumi na wanne, watatu wamekwisha kufa ndani ya lori. Tumbo limevimba kama ngoma. Damu ilikuwa ikiwatoka puani, nyeusi, nyepesi, haigandi.

Mkwe wangu alikuja mbio na ndoo ya maji mkononi. Alikuta msimamizi wa wachinjaji, jibaba tuliloliita Pembe, amekwisha kata koo la mmoja wa wale wafu ili aonekane amechinjwa. Wenzake walikuwa wanachuna wa pili.

"Ondokeni!" alipiga kelele. Sijawahi kumsikia akipiga kelele. "Hicho ni kimeta! Hawa hawapasuliwi, hawaguswi, wanazikwa na ngozi zao!"

Pembe alicheka. "Zambarau, leo umeanza kabla hata hujaona ini?"

"Damu haigandi, kaka. Tazama. Nawa mikono, nawa sasa hivi, una mchubuko hapo."

"Nawe una mke. Nenda ukamkague."

Walicheka wote. Kisha wakaendelea kuchuna, wakatundika, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye gogo langu na kichwa nusu kimepasuka.

Mwenyekiti aliingia na viatu vyake vya kung'aa, akikanyaga kwa ncha kama kuku kwenye matope.

"Daktari," alimwambia, na alijua fika kwamba si daktari, "watu nje wana njaa. Piga muhuri, tusiwatie presha."

"Mzee, lori lote lizuiwe. Hata walio hai. Wakila hii watakufa."

"Wasipokula pia watakufa. Piga."

"Sipigi."

Mwenyekiti alimtazama Pembe, akatoka nje kusikiliza simu.

Walimkamata wanne. Alikuwa mtu mwembamba, lakini alimuuma mmoja sikio mpaka damu ikaruka. Pembe alimpiga ngumi ya tumbo, akakunjika. Wakamburuta hadi kwenye gogo langu. Gogo langu! Wakamlaza mkono wa kulia juu yake, ule wa muhuri, mmoja amekalia mgongo wake. Pembe akaninyang'anya shoka langu, akaligeuza kisogo.

"Unaushika muhuri kwa mkono gani, Zambarau?"

Pembe alipiga mara tatu. Nilisikia mifupa, na mimi sauti ya mifupa ndiyo kazi yangu, siwezi kukosea. Mkwe wangu hakulia. Alitoa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, basi.

Nilichukua fupa la paja lililokuwa chini, nikampiga nalo Pembe nyuma ya kichwa. Akageuka, akanisukuma, nikaanguka mferejini. Nilikuwa na miaka sitini na nane. Niliinuka. Nikampiga tena, pua ikapasuka. Ndipo waliponishika.

"Bibi, tulia, tutakuumiza!"

"Niumizeni! Mna mama nyie? Mlizaliwa au mlitapikwa?"

Muhuri waliutoa mfukoni mwake. Na hapo walifanya upumbavu ambao usingefanywa na mtu yeyote isipokuwa wachinjaji wenye haraka. Waliupiga kwenye nyama yenye maji maji, bado inafuka moshi. Waliupiga kila mahali, pajani, shingoni, mbavuni, kama mtoto aliyepata kalamu. Wino ukatiririka. Nyama ikawa na madoa ya zambarau kama mtu aliyepigwa.

Pande la kwanza lilipofikishwa langoni, mwanamke wa mbele kwenye foleni akalitazama, akarudi nyuma.

"Hili si la yule kaka. Yule hupiga miwili na huupiga pakavu."

"Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Mimi nikapaza sauti kutoka ndani, na sauti ninayo: "Wamemvunja mkono! Nyama ni ya mzoga! Ni kimeta!"

Lango lilikwenda chini. Wanawake, vijana, wapita njia, mawe, matofali, ndoo. Mwenyekiti aligongwa na jiwe la kichwa akiwa bado anaongea na simu, akakimbilia ndani ya lori akajifungia. Wachinjaji walitoa visu, kisha walipoona idadi wakaruka ukuta. Mmoja alichelewa. Walimkanyaga mpaka uso wake ukawa hauna mbele wala nyuma. Nami nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi. Nikadhani yamekwisha, haki imeingia kwa mguu wake.

Lakini watu walisimama. Walikuwa wamefika katikati ya machinjio, na juu yao inaning'inia nyama. Nyama ya ng'ombe wawili, nyekundu, nono. Mwaka ule wa ukame.

Mtu mmoja akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Si ikichemshwa sana inakufa huo ugonjwa?"

"Nyama ni nyama," mwingine akasema.

Mkono wa kwanza ukanyoshwa. Halafu mikono yote.

Mkwe wangu alikuwa ameketi chini ya gogo, mkono kifuani, vidole vimelegea kama soksi tupu. Aliona. Akainuka, akaenda kwenye kona, akachukua dumu la mafuta ya taa kwa mkono wa kushoto. Kizibo alikifungua kwa meno. Akaanza kumwaga. Alimwagia mapaja, mbavu, akamwagia hata yaliyokuwa mikononi mwa watu, akamwagia na watu wenyewe.

"Samahani, dada. Samahani, mama. Samahani." Ndivyo alivyosema, huku anamwaga.

Wale wale waliovunja lango kwa ajili yake ndio waliomwangukia. Yule mwanamke wa mbele, aliyeutambua muhuri, alimpiga na ndoo ya bati kichwani. Alimpiga akilia. "Watoto wangu! Watoto wangu watakula nini, mwanaharamu wewe?" Jirani yangu wa ukuta mmoja alimpiga tofali. Nilimwona kwa macho yangu, na alfajiri hiyo hiyo tulikuwa tumesalimiana. Mkwe wangu aliendelea kumwaga mpaka dumu likawa tupu, ndipo akaanguka. Nililala juu yake. Mateke yaliyobaki niliyapata mimi.

Hakuna nyama iliyotoka pale. Hata kipande. Ilinuka mafuta ya taa mpaka barabara ya pili. Polisi walikuja wakati wa kuja kwao ulipofika, yaani mambo yalipokwisha, wakaandika kwamba mkaguzi ameharibu mali.

Tulimlaza nyumbani kwangu, chumba cha mbele. Hospitali walimfunga mkono na kichwa, wakasema apumzike kabisa, asisimame, maana kichwani kuna damu imevuja. Binti yangu akawa anakwenda kutafuta dawa, mimi namlinda. Siku ya nne, mchana, mlango ukagongwa. Nikafungua. Alikuwa Pembe.

Pua yake ilikuwa bado imevimba, kazi yangu hiyo. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kuliko pua, mpaka kwenye kwapa, na pale kwenye mchubuko kulikuwa na kidonda cheusi kama kaa la moto lililozimika. Hata hakimuumi, alisema. Hicho ndicho kilichomtisha. Zahanati walimpa mafuta ya kupaka, wakamwambia ni jipu.

"Mama, nakuomba. Yeye anakijua. Aje awaambie wa zahanati tu."

"Kikuoze kikuue," nilimwambia. "Ukianza kunuka niite nije kucheka."

Sauti ya mkwe wangu ikatoka ndani. "Mama, huyo ni nani?"

"Mbwa."

Alikuja kwa kushika ukuta. Akauona mkono wa Pembe kupitia begani kwangu. "Hicho si jipu. Kaka, leo hii wakuchome sindano, kesho hakuna. Twende, nitawaeleza mimi."

Nikasimama mlangoni. Nikaweka mikono huku na huku.

"Mama, nipishe."

"Huendi. Walisema usisimame."

"Hawatamsikiliza peke yake. Mama, nipishe."

"Kwa huyu? Aliyekuvunja juu ya gogo langu? Pita juu ya maiti yangu."

Angeweza kunisukuma. Mimi ni kizee, naye hata kwa mkono mmoja alikuwa mwanaume. Lakini mimi ni mama mkwe wake, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kunigusa hata bega. Alinitazama kidogo, akageuka. Nikadhani nimeshinda. Kumbe amekwenda dirishani.

Dirisha lile liko juu ya kifua cha mtu. Alipanda kiti, akatoa mguu, na kwa kuwa mkono ulikuwa mmoja, alitoka kwa kuanguka. Nilisikia kichwa chake kikigonga saruji ya nje. Kisha nikasikia anasema, "Si kitu, si kitu, nishike hapa," na Pembe akamshika, wakaenda. Walikwenda wamekumbatiana kama walevi wawili, mmoja mkono haufai, mwingine pia.

Alifika zahanati. Alimwambia daktari neno moja, kimeta, akamwambia na siku Pembe alipomkata ng'ombe na jinsi damu ilivyokuwa. Wakamdunga Pembe sindano mara ile. Mkwe wangu akaketi kwenye benchi kusubiri. Nesi aliporudi kumuuliza jina lake ili aandike, hakujibu.

Pembe yuko hai. Mkono una shimo, lakini unafanya kazi. Aliwapeleka na wachinjaji wengine watatu siku hiyo hiyo, nao wako hai. Ananisalimia barabarani, simwitikii, na sitamwitikia.

Wako wanaosema kilichomuua ni lile tofali. Wako wanaosema ni ndoo. Wako wanaonong'ona kwamba ni dirisha, na hao wanaponiona hunyamaza. Binti yangu hajaniuliza chochote. Akiniuliza nitamjibu vilivyo. Nilisimama mlangoni, aliniomba mara mbili, na sikumpisha.