Nilivyomfundisha Paka Kuiacha Meza ya Mama

Jumapili moja asubuhi mama alitoa kabatini kitenge chake cha kanisani, akakikunjua, akakiinua kwenye mwanga. Panya alikuwa amekula tundu la ukubwa wa kiganja, tena si pembeni. Alikula palepale kwenye uso wa Bikira Maria aliyechapwa katikati ya kitambaa. Mimi na mdogo wangu tulitazamana, tukauma midomo ili tusicheke. Mama alivaa kitenge kingine, akaenda misa, na aliporudi alikuwa na hukumu tayari.

"Mulete paka," alisema. "Lakini paka ya chini. Siku itapanda ku meza yangu, ile siku itaenda na kamiyo ya Mokambo, ikakaye kule ku mupaka."

Malori ya kwenda Mokambo hupita barabara ya karibu na kwetu, kwa hiyo hakikuwa kitisho cha bure. Na meza yenyewe haikuwa meza ya mchezo. Baba, enzi za kazi yake ya reli, aliichongesha kwa seremala mmoja wa karakana, kwa mbao nyekundu za mulombwa, na ilikuwa nzito kiasi kwamba tulipohamia mtaa huu wa Kampemba wanaume sita waliibeba huku wakitukana. Tangu baba afariki, mama aliifunika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Sisi mabinti, watu wazima wenye mishahara, hatukuthubutu kuiwekea viwiko.

Paka tulipewa na mama mmoja muuza samaki sokoni, yule anayeletewa mzigo kutoka Kasenga. Alikuja ndani ya katoni iliyonuka samaki: dume, mistari ya rangi ya machungwa, mwili kama ngumi na masikio ya mnyama mwingine mkubwa zaidi. Mdogo wangu aliweka katoni sebuleni, akaifungua. Paka akatoka, akaruka kwenye kiti, kutoka kwenye kiti mezani, akatembea hadi katikati ya kitambaa cheupe, akaketi, akaanza kulamba mguu.

Mama alikuwa jikoni. Mdogo wangu alimnyakua paka na kumficha ndani ya blauzi yake. Nadhani haikupita hata dakika moja.

"Yaya, hii imekwisha," aliniambia kwa kunong'ona. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Niachie miye," nikasema. "Niko nafundisha batoto makumi ine kusoma. Siwezi shindwa na kapaka."

"Bale batoto banakuogopa. Hii haiogope."

Lakini palikuwa na sababu ya haraka. Baada ya wiki tatu, familia ya mchumba wa mdogo wangu ilikuwa inakuja kujitambulisha. Sisi ni watu wa kaskazini mwa Katanga, wao asili yao ni Kasai, na kati ya pande hizo mbili kuna chuki za zamani, lakini mama hakuwa amesema hapana. Alisema, "Tutaona." Wanaomjua mama wanajua kwamba afadhali hapana. Kijana mwenyewe alilelewa na shangazi yake, mfanyabiashara wa saruji na mabati, na habari zake zilitufikia kabla yake: mwanamke huyo hakuwahi kuonekana akicheka. Wanawake hao wawili wangekaa kwenye meza hiyo. Alama moja ya unyayo wa paka juu ya kitambaa na mama angepata kisingizio cha kukasirika siku nzima.

Basi nikaanza shule.

Nilianza na maji. Mdogo wangu alikuwa na kichupa cha kunyunyizia nywele, nikakijaza, nikajibanza nyuma ya mlango. Paka alipopanda nikamnyunyizia usoni. Ulikuwa Oktoba, mvua haijaanza, joto linachoma hadi ndani ya nyumba. Paka alifumba macho, akafungua mdomo, akanywa. Siku ya tatu alikuwa akisikia kiu anapanda mezani na kuniita.

Mwalimu mwenzangu akaniambia paka hawapatani na harufu ya limao. Nikapanga maganda manane kuzunguka meza kama askari. Paka alishangilia. Aliyapiga teke moja moja hadi chini, akayafukuza ukumbini, na jioni tukasikia sauti ya mama kutoka chumbani kwake: "Nani alikula malimao mu kiatu yangu?"

Mdogo wangu alikuwa amejiziba uso kwa mto.

Kisha nikaja na skochi, ule utepe wa kunata, na hilo ndilo lililotuua. Nilitandaza vipande virefu ukingoni, upande wa gundi ukiwa juu, nikiamini kwamba paka akishagusa mara moja atajuta maisha yake yote. Alikanyaga kweli. Akainua mguu mmoja, ukaja na kipande. Akaweka mwingine, nao ukaja. Akaruka chini na skochi yote, akapita kwenye ungo wa karanga, akapita kwenye nywele za bandia za mdogo wangu, akapita kwenye madaftari ya wanafunzi wangu, na alipoingia nyuma ya friji alikuwa mkubwa mara mbili, ana maganda ya karanga mgongoni, msuko mmoja mweusi mkiani na karatasi ya hesabu kifuani. Tulipojaribu kumtoa alitutazama kwa hadhi kubwa, kama chifu aliyevaa mavazi yake. Tulianguka sakafuni. Tulicheka hadi sauti ikakata, tukabaki tunatikisika tu.

Mama akasimama mlangoni. "Muko nalilia nini humo?"

"Tuko naomba Mungu, mama," mdogo wangu akasema, machozi yakimtiririka.

Mama akafanya ishara ya msalaba, akaondoka taratibu.

Ilibaki wiki moja na nusu. Nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kwa mwanafunzi yeyote: nikakaa nikamtazama. Jumamosi nzima nilikaa kwenye kigoda nikisahihisha madaftari, jicho moja kwake. Nikagundua hakupanda kwa ukaidi. Alipanda asubuhi, jua lilipofika mezani. Alipanda njiwa walipotua kwenye ukuta wa jirani, kwa sababu kutoka mezani aliwaona wote. Na alipanda tulipokula, kwa sababu sisi tulikuwa juu na yeye alikuwa chini peke yake, akitazama miguu yetu. Hata mimi ningepanda.

Nikaburuta sanduku la bati la baba hadi dirishani, nikaliweka juu ya benchi, nikatandika gunia. Jua lilifika hapo, njiwa walionekana, na mtu akikaa mezani walitazamana uso kwa uso. Kisha nikanunua dagaa wakavu, wale tunaowaita ndakala. Nikawa nagonga sanduku kwa kucha mara mbili, ko-ko, naweka dagaa mmoja. Paka anapanda, anakula, namsifu. Akienda mezani simpigii kelele. Namshusha, nagonga sanduku, ko-ko, dagaa.

Siku ya nne alipanda sandukuni bila kuitwa. Siku ya sita mdogo wangu alisahau samaki wa kukaanga mezani, akaenda kujibu simu, na aliporudi samaki walikuwa wote. Paka alikuwa dirishani, ananusa hewa, anatetemeka masharubu, lakini hakushuka. Mdogo wangu alinipigia simu shuleni katikati ya somo. "Yaya! Imefaulu! Imefaulu na samaki pembeni!" Nilipiga kigelegele mbele ya darasa, na watoto, wasiojua chochote, wakapiga makofi.

Mama naye aliona. Nilimkuta siku moja akinyoosha gunia la sandukuni kwa kiganja, jinsi anavyonyoosha shuka.

Jumapili wageni wakaja. Shangazi alikuwa mrefu, kilemba cha bluu kimepanda, mkoba umebanwa kwapani. Nyuma yake alikuja kijana, anatoka jasho hadi kwenye tai. Wazee wawili wa kiume, mmoja wa kwao na mmoja wa kwetu, walisalimiana kwa maneno marefu ya desturi, kisha wakaachiwa kazi ya kutikisa kichwa. Tukaketi. Mezani palikuwa na bukari, yaani ugali wetu, kuku, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Kasenga. Paka alikuwa dirishani amejikunja, safi kama picha. Nilijivuna kimoyomoyo.

Mazungumzo hayakwenda. Mama aliuliza maswali kwa adabu iliyokauka, shangazi akajibu kwa Kifaransa cha ofisini. Vijiko vilisikika. Kisha mama akatoa lile lililokuwa rohoni mwake.

"Mutoto wangu akifika kwenu, hatateswa juu ya kabila?"

Shangazi akaweka kijiko chini. "Maman, kwetu mutoto wa batu hatumutese. Jamais! Hata siku moja!" Na akagonga meza kwa pete yake: ko-ko.

Nikaona masikio ya paka yakisimama.

Sijui kama mmewahi kuona ajali kabla haijatokea. Tonge lilikuwa njiani kwenda mdomoni, likasimama hapo. Nilitaka kusema kitu, lakini ningesema nini? Kwamba asigonge? Wiki nzima nilidhani nimemfundisha paka kwamba sanduku ni mahali pake. Yeye alikuwa amejifunza kwamba panapogongwa ndipo pana dagaa. Makosa ya mwalimu.

"Jamais!" shangazi akarudia. Ko-ko.

Paka aliruka kupita juu ya kichwa cha mzee wetu, akatua kati ya sombe na kuku bila kugusa hata bakuli, akaketi mbele ya mkono wa shangazi, akazungusha mkia miguuni, akamtazama akingoja.

Mdogo wangu alifumba macho. Mchumba wake akafumba ya kwake.

"Inataka nini?" shangazi akauliza.

"Maman, ni weye uliiita," nikasema.

"Miye?"

"Ulipiga mara mbili." Na nikaeleza yote, kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia: sanduku, kucha, ndakala. Shangazi alimtazama paka kuanzia masikio hadi mkia. Kisha akagonga goti lake, ko-ko. Paka akashukia gotini. Akagonga kiti cha jirani. Paka akaenda. Mdomo wa shangazi ukaanza kucheza pembeni. Akainama, akanyoosha mkono wake mrefu, akagonga meza mbele ya sahani ya mama.

Paka alipita katikati ya vyakula, hatua kwa hatua, akaketi mbele ya mama.

Walitazamana. Niliyaona malori ya Mokambo yakipita yote. Mama akachukua kipande cha samaki kutoka kwenye sahani yake, akatoa miiba kwa vidole, pole pole, akampa.

"Imetumika kazi," alisema. "Ikule."

Shangazi alianza kwa kukohoa. Kisha kikamtoka kicheko kama tarumbeta, kilemba kikaanguka kwenye sombe, na mama alipoona kilemba kwenye sombe naye akapasuka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baba alipokuwa hai. Wazee wakapiga meza kwa vicheko, kosa kubwa, maana paka alianza kukimbia kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine akidai malipo yake. "Hii inasikia kuliko batoto yangu yote!" shangazi alipiga kelele, akijifuta macho kwa kitambaa cha mama, kile cheupe, na mama akamwacha.

Baada ya hapo Kifaransa kiliisha. Shangazi akasogeza kiti karibu na mama, na ikajulikana kwamba wote wawili walikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, wakapigwa na masista walewale kwa kosa lilelile la kuongea kanisani. Walipoondoka jua limeanza kushuka, mama aliwasindikiza hadi barabarani. "Mukuye tena," alisema. "Musikawe, musichelewe."

Harusi ilikuwa kiangazi kilichofuata. Mdogo wangu sasa anaishi upande mwingine wa mji. Juzi alinipigia simu: mume wake ameleta mtoto wa mbwa, na huyo mbwa amechagua kulala ndani ya beseni la nguo safi. Nyuma ya sauti yake nilisikia vitu vikianguka na mume wake akiomba msamaha, sijui kwa nani. Nilivaa viatu, nikatafuta teksi ya kwenda kwake kufungua shule nyingine, na dereva akaniuliza nacheka nini.