Machela Hairudi Bila Neno

Mara ya kwanza Sabina alipofika kituo cha afya na kidonda chake cha mguu, muuguzi Godeliva alimpokea kama bibi harusi, akakiosha kidonda huku akimpigisha soga. Mara ya pili aliachwa benchini mpaka jua likageuka. Mara ya tatu hata kitambaa hakikufunguliwa, na kidonda kimeanza kunuka.

Mumewe, Barampama, alishangaa kuliko kukasirika. Mikono ya muuguzi ni ile ile, imekuwaje? Akawa anakwenda kukaa ukutani pale kituoni, anatazama. Wageni na wajawazito waliingizwa upesi. Waliorudi ndio walioota mizizi benchini. Akaulizauliza, hata mfagiaji akamfumbulia: kituo hulipwa kwa kila mgonjwa mpya na kila mzazi. Anayerudi na kidonda kile kile halipiwi kitu.

Zamani mganga wa kilimani hakuonja pombe ya ndizi, ndiyo malipo yake, mpaka mgonjwa apone. Sasa wanalipia kuingia mlangoni; kupona hakuna anayekuulizia.

Basi Barampama akaishusha darini machela ya mianzi ya kubebea wagonjwa, iliyosahauliwa tangu zije pikipiki, akawaita wazee wenzake. Njiani walimtania: mke amenona hivi, mume kakonda, nani anamla mwenzake? Wakamtua Sabina uani, wakaketi kumzunguka.

Godeliva akatoka. "Mzee, mama si anatembea? Machela ya nini?"

"Machela hairudi bila neno, mwanangu. Tuambie mguu utapona au utakatwa, tuondoke."

Godeliva alijitetea kwamba utaratibu hakuupanga yeye. Akishinda na kidonda kimoja, mwezi huisha kituo hakina hata sabuni. Barampama akamweleza habari ya mganga na pombe yake.

"Na wale aliowaona hawatapona," Godeliva akauliza, "aliwapokea?"

Barampama akaitazama machela. Mama yake mzazi alirudishwa kutoka mlangoni kwa mganga huyo huyo, juu ya machela hii hii.

"Hakuwapokea," akasema.

Godeliva akapiga magoti pale pale uani, akafungua kitambaa. Wachukuzi wakageuza nyuso. Yeye akatazama sana, akabonyeza pembeni, akanusa.

"Utapona. Lakini nikioshe kila siku, mpaka nyama mpya iote."

"Na hizo siku utalipwa na nani?" Barampama akauliza. Hakuwa anamsuta, alitaka kujua kweli.

Godeliva alikuwa ameshageuka, anaagiza maji ya moto. Wazee wakainuka, wakamkalisha Sabina benchini, wakajitwika machela tupu. Neno walikuwa wamelipata.