Kadi Iliyokwenda Ijumbi

Ukipita Buhembe mchana ukasikia mtu anasonya nyuma ya nyumba yetu, usishangae. Ni Dada Kemilembe na maua yake. Amepanga chumba cha uani kwetu, na kwa kuwa ndani kuna giza, meza yake ameiweka barazani. Hapo ndipo anapotengeneza kadi. Mvua ikinyesha, na huku mvua haiombi ruhusa, karatasi zinavuta unyevu zinajikunja, gundi inakataa kushika, naye anasonya. Wakati mwingine vinakuja vile vidudu vya ziwani, vidogo kama vumbi, vinatua kwenye gundi mbichi. Anavitoa kimoja kimoja kwa ncha ya sindano.

"Na huyu naye kaalikwa na nani?" anakiuliza kidudu, kisha anasonya tena.

Ana kimashine cha kuzungusha kwa mkono, alichoachiwa na sista mmoja Mzungu alipokuwa anarudi kwao. Pamoja nacho alimwachia vyuma vyembamba vyenye makali, mfano wa vile vya kukatia biskuti, ila makali yake yamekaa umbo la maua. Dada Kemi anaweka chuma juu ya karatasi ngumu, anavibana kati ya vibao viwili vya plastiki, anazungusha mkono, rola zinameza, na upande wa pili linatoka ua. Ukishangilia anakukatiza.

"Hiyo bado karatasi. Tulia."

Analilaza kwenye sponji, analisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka petali zinyanyuke zenyewe. Halafu jingine dogo juu yake, na jingine dogo zaidi, mpaka unataka kulinusa. Majani anayagonga kwa mihuri ya mpira na wino wa kijani, mengine hafifu, mengine yamekolea, yaonekane yako mbali na karibu.

Haruni, jirani yetu anayekaanga chipsi, alipoona mihuri ile mara ya kwanza akainama juu ya meza kama mtu mwenye siri.

"Dada, nigongee basi muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Nina barua yangu imekwama."

"Nina muhuri wa jani na muhuri wa kipepeo."

"Wa kipepeo haufai?"

"Wewe upeleke ofisini, ukirudi utuambie."

Siku hiyo Dada Kemi alicheka. Lakini siku nyingi hachekeshwi na kitu, na sababu naijua, maana nimekaa karibu na ile meza muda mrefu nikitazama. Sababu ni kwamba kwetu mtu akiona kadi anaona mchango. Kadi ya harusi, mchango. Kadi ya kipaimara, mchango. Send-off, ubarikio, jubilei, vyote vinakuja ndani ya bahasha na bahasha inataka kurudi na kitu. Dada Kemi yeye anatengeneza kadi za salamu. Kadi ya kumwambia mtu pole, au asante, au nimekukumbuka. Basi. Siku moja nilimsindikiza kumpelekea mama wa pale Bakoba anayeuza senene, wale panzi wa kukaanga, kadi ya pole, kwa kuwa alikuwa ameugua. Yule mama alipomwona na bahasha akaingia ndani, akamtuma mtoto aje aseme mama hayupo. Sauti yake tuliisikia dirishani akimfundisha mtoto namna ya kusema.

"Ni ya bure!" Dada Kemi akaita. "Ni ya pole tu!"

"Mama anasema hayupo," mtoto akarudia.

Tulirudi na kadi yetu. Njia nzima alikuwa anasema peke yake, "Watu gani hawa? Watu gani hawa ambao huwezi kuwapa kitu?"

Sasa nieleze habari ya shangazi, kwa sababu yote yanamhusu yeye.

Dada Kemi alilelewa na shangazi yake, Annastella, huko Ijumbi, Muleba. Mama yake alifariki Kemi akiwa bado hajaanza shule, na shangazi huyo ndiye alimpa kila kitu. Shangazi Annastella ni mjane, ana shamba la migomba na kahawa, na ana msimamo. Mwaka jana alimtafutia Dada Kemi mchumba, mwanamume anaitwa Byabato, mtu mzima, mpole, mwenye nyumba ya bati Kamachumu. Wazee wakakaa, pombe ya ndizi ikaletwa. Dada Kemi alipoulizwa akasema hapana. Alisema hapohapo, mbele ya watu, na glasi zimeshajaa. Shangazi akainuka, akaingia chumbani kwake, hakutoka mpaka wageni walipoondoka. Tangu siku hiyo hapokei simu. Dada Kemi akipiga inaita mpaka inakata. Krismasi haikupokelewa, Pasaka haikupokelewa.

"Ananichinja," aliniambia siku moja, simu ikiwa bado sikioni. "Bora angenitukana."

Ndipo akaamua kutengeneza kadi. Sijawahi kumwona anafanya kazi vile. Vyuma vyote vilitumika. Nje aliweka maua mawili meupe yamelaliana shingo, moja kubwa moja dogo, na petali zake akazipaka rangi ya fedha pembeni kwa kidole. Kubwa ni shangazi, dogo ni yeye. Kadi ikafungwa kwa utepe wa karatasi uliokatwa kama lesi, mwisho wake kuna kiua kinachopenya kwenye tundu. Ukikivuta taratibu utepe unaachia. Na ndani, ukifungua, linasimama tawi zima la maua ya kahawa, yale meupe yanayojibana kwenye kijiti, kama yalivyo nyuma ya nyumba ya shangazi msimu ukifika. Linasimama lenyewe. Lilimtesa sana hilo tawi. Lilianguka, likapinda, mvua ikalilegeza akalitupa, akaanza upya, akalitupa tena. Chini yake aliandika kwa mkono: Shangazi, nilikuaibisha, nisamehe. Nakukumbuka. Mwanao Kemi.

"Nje huandiki kitu?" nilimuuliza.

"Nikiandika chochote nje, atadhani mchango. Aone maua tu, afungue mwenyewe."

Ilionekana sawa.

Kadi ilibebwa na Audax, kijana wa Ijumbi anayeendesha bodaboda, anakuja mjini mara kwa mara kuleta vanila ya watu. Dada Kemi aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka kati ya makaratasi magumu, akamwambia ukiikunja nitakukunja wewe. Audax aliporudi alikuwa anacheka mpaka masikioni.

"Kafurahije! Nakwambia kapiga vigelegele. Majirani wametoka."

"Shangazi? Shangazi yangu mimi?"

"Annastella huyohuyo. Kaishika juu hivi, kazunguka nayo uwanja mzima."

Dada Kemi alikaa chini kwenye ndoo. Alifuta macho kwa mkono wenye gundi, ikabidi mama yangu amletee maji. Jioni simu ikaita, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana lilikuwa jina la shangazi. Akaweka sauti kubwa ili tusikie.

"Mwanangu! Ni nani? Wa wapi?"

"Nani, Shangazi?"

"Usinifiche, nimeshaona. Mawe, mama yangu! Maua mawili! Nilikuwa nasali rozari kila siku, Mungu si kiziwi."

"Shangazi, sikiliza kwanza..."

"Nyamaza, haya mambo hayasemwi kwenye simu. Njoo Jumamosi. Na mimi nimekusamehe yote, umesikia? Yote! Klaudia mwenyekiti wetu nimeshamwambia, jumuiya imeshapata habari."

Ikakatika. Dada Kemi akapiga. Akapiga tena. Inatumika. Inatumika. Shangazi alikuwa anawapigia wengine.

Dada Kemi akaitazama simu, kisha akaitazama meza yake, vyuma na mihuri na maua bapa yaliyosubiri kijiko. "Lakini hajafungua?" akasema. "Angefungua angesoma. Kwa nini hajafungua?"

Jumamosi mama akaniambia niende naye, asije akashindwa kurudi kwa mawazo. Tulipanda gari hadi Muleba. Kwenye pikipiki kuingia Ijumbi akaanza kusema, lakini upepo ulikuwa unachukua, nilisikia "utepe" na "mjinga mimi" tu.

Shangazi Annastella alikuwa ametandika majani mapya sakafuni sebuleni kama siku ya Krismasi. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, kanga amejifunga kifuani, macho yake yanapita kwa mtu kama anatafuta jiwe kwenye mchele. Tulipiga magoti kumsalimia. Akamshika Dada Kemi mashavu yote mawili, akacheka, akatukaribisha kwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Jikoni kulikuwa na ndizi zinaiva na harufu ya samaki. Na ukutani, chini ya picha ya Familia Takatifu, ilipigiliwa kadi. Msumari umepita juu, pembeni mwa ua kubwa. Utepe upo vilevile. Kiua kiko kwenye tundu lake. Haijaguswa.

Niliona Dada Kemi anautazama ule msumari.

"Shangazi, hukuifungua?"

"Nifungue? Nichane kitu kama kile? Mimi na mikono hii ya jembe?"

"Inafunguka. Unavuta hapa tu."

"Ya nini kuvuta, mwanangu, si nimeona? Bwana na bibi harusi. Tena wamelaliana. Sasa niambie jina lake."

Hapo ndipo ilibidi aseme. Alisema akiwa amepiga magoti kwenye majani, kahawa bado haijatafunwa mkononi. Hakuna bwana. Hakuna harusi. Yale maua ni wewe na mimi.

Shangazi hakuelewa kwanza. "Mimi na wewe tunaoana?"

"Ni kadi ya salamu, Shangazi. Ya kukuomba msamaha."

"Salamu? Mtu anapeleka kadi ya salamu?"

"Simu hukupokea!"

Alipandisha sauti, na mimi nilitazama majani. Sufuria ilikuwa inachemka jikoni. Shangazi akaketi kwenye kigoda taratibu.

"Jirani Mutembei ameshaahidi mbuzi wa harusi," akasema. "Klaudia ameshapanga wapishi. Padre nimemwambia, Kemi. Padre! Mimi uso wangu nitaupeleka wapi? Mara ya pili hii."

"Nitawatengenezea kadi kila mmoja. Nitawaeleza vizuri, nitaandika..."

"Kadi!" Shangazi aliinuka kama kaungua. "Usiniletee kadi tena humu! Kadi ndiyo imetufikisha hapa. Mdomo si unao? Mara ile ulikuwa nao mbele ya wazee. Inuka. Utawaambia wewe mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nami nitakuwepo nione."

Basi tukatoka. Shangazi mbele, Dada Kemi nyuma yake, mimi mwisho, njia nyembamba kati ya migomba. Shangazi hakunyamaza hata hatua moja. Alisema juu ya Byabato, juu ya viatu vya Dada Kemi, juu ya kukonda kwake, huko mjini mnakula nini, karatasi? Dada Kemi alikuwa anaitika "waitu, waitu" kwa heshima kama mtoto, huku anasonya kimoyomoyo, namjua.

Kwa Mama Klaudia, mwenyekiti wa jumuiya, ilikuwa vibaya. Alikuwa ameshashona kichwani gauni la kuvaa. Alisikiliza, akamtazama Dada Kemi toka juu hadi chini.

"Kwa hiyo hakuna kitu?"

"Hakuna, Mama. Ilikuwa salamu."

"Salamu zenyewe zina fedha pembeni! Nani angejua?"

Mzee Mutembei tulimkuta anafunga mbuzi wake kwenye kisiki. Alipoambiwa, akamgeukia mbuzi.

"Umesikia? Umepona. Mshukuru dada."

Hakuna aliyecheka ila yeye. Halafu niliona bega la shangazi linatikisika. Alikuwa ametugeuzia mgongo, amejifanya anatazama kahawa za Mutembei.

"Usicheke, Shangazi," Dada Kemi akasema, na sauti yake ilikuwa karibu kulia. "Mimi nimechoka."

"Nani anacheka? Twende, bado nyumba ya Katekista."

Tuliporudi ndizi zilikuwa zimeungua chini. Tukala hivyohivyo. Shangazi alimwekea Dada Kemi samaki mkubwa, akamtoa miiba kwa vidole vyake, akamsukumia sahani bila kumtazama. Baada ya chakula Dada Kemi akasimama mbele ya ukuta.

"Nikuonyeshe basi ndani, Shangazi. Dakika moja tu."

"Acha."

"Ndani ndiko kwenyewe! Kuna tawi la kahawa, linasimama ukifungua. Lile la nyuma ya nyumba. Nimeandika."

"Uliyoandika si umeshasema njia nzima? Nimesikia. Watu wote wa Ijumbi wamesikia."

"Lakini tawi..."

"Lisimame humohumo. Mkiifungua itachanika, nami nitabaki na nini ukutani?"

Dada Kemi akasonya. Safari hii kwa sauti.

"Usinisonye mimi, nitakuchapa," shangazi akasema, akamfungia mkungu wa ndizi kwa kamba ya mgomba ili aubebe. "Ukifika unipigie. Nitapokea."

Kwenye gari la kurudi Dada Kemi alikuwa na mkungu katikati ya miguu na uso umejikunja kama karatasi siku ya mvua. Nilidhani amesinzia. Kumbe hapana.

"Wewe uliliona lile tawi," akasema. "Si uliliona?"

"Niliona."

"Lilikuwa linasimama vizuri?"

"Linasimama vizuri sana, Dada."

"Basi tumeliona sisi wawili," akasema, akageukia dirishani. "Kapigilia msumari. Msumari wa mabati, jamani."