Wajane Wawili na Njiwa wa Barcelona

Mimount alichukia njiwa maisha yote ya ndoa yake, na hakumficha mtu. Marehemu mumewe, Allal, alikuwa akitoka mgodini vumbi la makaa ya mawe limemjaa mpaka kwenye kope, na badala ya kuingia ndani amsalimie mkewe, anapitiliza nyuma ya nyumba kwenda kusalimia ndege. "Haya, kalale nao!" Mimount alikuwa akimpigia kelele kutoka dirishani. Na mzee wa watu, wallahi, kuna siku alikwenda akalala nao.

Upande wa pili wa ua mambo yalikuwa yaleyale. Sjarel, mzaliwa wa palepale Genk, mji wa migodi huko Ubelgiji, alikuwa mwenzake Allal chini ya ardhi, na juu ya ardhi walikuwa na banda moja la njiwa, nusu kwa huyu, nusu kwa yule. Mkewe Sjarel, Lieve, alilalamika kwa Kiflemi, lugha ya huko. Mimount akalalamika kwa Kiberberi cha kwao Rif, milimani Moroko. Hivyo ndivyo walivyokuwa mashoga. Hakuna aliyeelewa neno la mwenzake, lakini kila mmoja alijua kabisa anayesemwa ni nani.

Basi waume wakafa, mmoja akatangulia na mwingine akamfuata, mapafu yao yameliwa na ule mgodi. Njiwa wakabaki. Fons, mwenyekiti wa chama cha njiwa, mwanamume wa tumbo na sharubu, akaja na vizimba mkononi, eti anawasaidia akina mama. Mimount akamtokea na ufagio.

"Lakini mama, wewe mwenyewe ulisema huwataki! Mtaa mzima umekusikia miaka yote."

"Nilikuwa namwambia mume wangu. Wewe ni mume wangu?"

Fons akaondoka na vizimba vitupu.

Sasa, kuna mtindo mmoja wa kumfunza njiwa dume ambao watu wa huko wanauita ujane. Msinitazame hivyo, si mimi niliyeupa jina. Dume anatenganishwa na jike wake. Siku ya kupelekwa mashindanoni, ambako anayewahi kurudi bandani kwake ndiye mshindi, anaonyeshwa jike kidogo tu, aone, apagawe, halafu huyo, anatiwa kizimbani na kusafirishwa nchi za mbali. Akifunguliwa huko harudi nyumbani kwa kutalii. Siku Lieve alipomweleza Mimount jambo hilo (wakati huo Kiflemi kilikuwa kimeshamkaa mdomoni), Mimount alicheka mpaka akashikilia ua.

"Yaani tungejua mapema, shoga! Allal alikuwa anakaa mgahawani mpaka wanafunga!"

"Na Sjarel je? Kule baa alikuwa na kiti chake!"

"Tungewaonyesha kidogo tu, halafu tunafunga mlango!"

Wakaanza kazi hiyo kwa utani, ikawanogea. Wanaume wa chama waliwacheka sana, hadi pale dume la wajane, Pasha, lilipoanza kufika kabla ya madume yao. Hapo kicheko kikakata.

Lakini furaha yote hiyo ilikuwa na mwiba ndani yake, na mwiba huo uliitwa Wannes. Alikuwa mjukuu wa Lieve, aliyelelewa katika majiko mawili. Asubuhi anakunywa uji kwa Lieve, jioni anakula kwa Bibi Mimount, asali inamtiririka hadi viwikoni. Mimount alimwogesha, alimpiga makofi ya matako, alimfuta kamasi. Pasha mwenyewe, alipotoka kwenye yai akiwa uchi na mama yake amekufa, alilishwa na Wannes kwa mkono.

Halafu kijana akamaliza shule, akakosa kazi, akahamia ndani ya simu. Huko akawapata watu wanaojiita Walinzi wa Udongo. Wakampa shati jeusi na chumba mjini, wakamfundisha kwamba watu kama Bibi Mimount wamekuja kumnyang'anya nchi yake. Mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu kijana alipopishana na Mimount mlangoni kwa mwoka mikate, akatazama pembeni, akapita. Mimount akabaki amesimama na mkate wake. Tusi angeliweza, tena angelirudisha na nyongeza. Lakini kunyimwa salamu na mtoto uliyemwogesha! Alilia njia nzima na hakujali nani anamwona.

Na alikuwa na sababu ya kuogopa. Ugonjwa ule alikwisha kuuona, kwa upande wa watu wake. Soufiane, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwake, alianza vivyo hivyo. Kwanza aliacha kusalimia watu. Kisha akakataa chakula cha mama yake mzazi, eti nyama yake haina uhalali wa kutosha. Kisha akaenda vitani Syria, na mpaka leo mama yake hana hata kaburi la kutembelea.

"Wanaanza na salamu," Mimount alimwambia Lieve. "Yule alitupotea tunamtazama. Huyu wako simwachii mtu."

Ndipo ikaja ile Jumamosi. Ijumaa yake njiwa walikuwa wamefunguliwa Barcelona, yale mashindano makubwa kuliko yote, na Pasha alikuwa miongoni mwao. Na Jumamosi hiyohiyo Walinzi wa Udongo walitangaza kuandamana katika mtaa huohuo wa wachimbaji kuupinga msikiti wake. Wannes, watu walisema, atabeba bango mbele.

Mimount alikuwa na mpango. Akakaanga msemen, zile chapati za kukunja, sinia zima. "Nitasimama barabarani," alisema, "na akipita nitamwita Kifaranga, kama zamani, mbele ya wenzake wote."

"Watampiga!" Lieve akashika kichwa.

"Wampige kwa kuitwa Kifaranga? Basi nitawapiga mimi."

Simu ikalia. Alikuwa Fons. "Mama Mimount, mkoa mzima wa Limburg hajarudi hata mmoja. Hata mmoja! Kaeni macho!"

Mtihani huo! Barabarani kuna mtoto, angani kuna njiwa, na Mimount ana miguu miwili tu. Wakakaa bustanini kwenye viti vyao, shingo zimepinda juu, sinia la chapati mapajani. Mimount anatazama mawingu, masikio yako mtaani. Lieve, kwa wasiwasi, alikuwa anakula chapati za mpango.

"We Lieve! Za mtoto hizo!"

"Siwezi kujizuia, mkono unajiendea wenyewe."

Ngoma zikasikika. Maandamano yakakunja kona, mashati meusi, bendera, moshi wa rangi, na mbele mkubwa wao, bwana mmoja kutoka jiji la Antwerp aliyevaa viatu vya kung'aa, anapaza sauti kwenye kipaza sauti kuhusu damu na ardhi. Nyuma yake Wannes na bango lake refu. Mimount akainuka na sinia. Na wakati huohuo, juu ya paa la msikiti, kikatokea kidoa kinachopiga mbawa.

"Pasha!" Lieve akapiga yowe. "Ni Pasha!"

Ndege akashuka mpaka juu ya paa la nyumba, akatua kwenye ncha yake, na hapo akaganda. Wenye njiwa wanajua uchungu wake. Ndege akiwa kwenye paa hajafika, mpaka aingie bandani akanyage ubao unaosoma pete yake mguuni. Na Pasha angeingiaje? Chini yake kuna ngoma, kuna moshi, kuna bendera zinapepea. Lieve akatikisa kopo la nafaka. Mimount akaita mpaka koo likakauka. Pasha akageuza kichwa tu, jicho moja kwao, jicho moja barabarani, akajiandaa kuruka tena.

Hapo bango likaanguka.

"Kimya!" Wannes alipiga kelele, mikono juu. "Simameni! Kuna njiwa!"

Mtume wangu, laiti mngeyaona maandamano yale! Wale vijana wote ni watoto na wajukuu wa watu wa njiwa. Walichapwa tangu wadogo kwa kukimbia bustanini ndege anaporudi. Ngoma zikakatika. Bendera zikashuka. Mmoja akaukanyagakanyaga moshi wake, mwingine akaganda mguu mmoja hewani, hathubutu kuuteremsha. Mlinzi mmoja wa Udongo akanong'ona, "Ametoka Barcelona huyo?" Mwenzake akamziba mdomo.

Ni bwana wa Antwerp peke yake ambaye hakuelewa. "Ndugu zangu, tusirudi nyuma!" akanguruma. "Ardhi hii..."

"Shh!" maandamano mazima yakamjibu.

Mpiga ngoma akamnyang'anya kile kipaza sauti, akakikalia.

Wannes akaruka ua kama alivyozoea utotoni, akasimama katikati ya bustani, hamtazami mtu. Akaweka vidole mdomoni, akapiga mluzi wa chini, kisha akaita. Na njiwa wale, jamani, waliitwa na Allal miaka yote, hawajui Kiflemi hata kidogo. Mlinzi wa Udongo, mbele ya wenzake na mkubwa wake, akaita kwa Kiberberi cha Rif, kwa lafudhi ya milimani kabisa:

"Arwah, arwah, a Pasha. Njoo, baba, njoo."

Pasha akashuka moja kwa moja bandani. Mashine ikalia. Barabarani ikapigwa shangwe, kofia zikarushwa, na Lieve akambusu mtu asiyemjua.

Halafu shangwe ikatulia, maana mkubwa alikuwa amepata tena kipaza sauti chake. "Wannes! Rudi kwenye mstari!"

Kijana alikuwa bandani amemshika Pasha kifuani, vidole vinapapasa bawa.

"Wannes! Tunakusubiri!"

Mimount alikuwa na hotuba ya mwaka mzima. Aliitunga akiosha vyombo, akiipamba kila siku, yenye aibu zote za kijana huyo ndani yake. Sasa mdomo ukafunguka, isitoke hata herufi. Alijua kwamba akisema neno moja baya, mtoto atavuka ua kwa upande ule na hatarudi.

"Bibi Mimount," Wannes akasema, bila kuinua macho, "bawa lake limechubuka. Maji ya vuguvugu yapo?"

"Yapo," akajibu Mimount. "Yapo, mwanangu."

"Wannes!" kipaza sauti kikalia mara ya tatu.

Lieve, ambaye kwa mwaka mzima aliogopa hata kumpigia simu mjukuu wake, akatoka mpaka getini na ndara zake. "Ana kazi," akamwambia yule bwana, akafunga geti.

Mimount akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka machozi yakamwagika, na katikati ya kicheko akagundua kwamba analia kweli. Mshindi wa kwanza alikuwa njiwa wa Fons, aliyewahi kuingia bandani mwake katika zile dakika Pasha alizokaa juu ya paa. Mimount anamwambia kila mtu kwamba mshindi ni yeye mwenyewe, na Fons amechoka kubishana.

Msidhani kijana alipona siku ile. Usiku alirudi mjini, na shati lake jeusi mwilini. Siku zilizofuata Mimount alikosa usingizi, akisema moyoni kwamba kijana alikuja kwa ajili ya ndege tu, si kwa ajili yake.

Jumapili iliyofuata, mlango ukagongwa. Mimount akafungua. Wannes alikuwa amesimama kizingitini, na nyuma yake vijana wawili wa maandamano, mashati meusi yaleyale, vichwa vimenyolewa, mikono hawajui waiweke wapi.

"Habari za asubuhi, Bibi Mimount," akasema Wannes, masikio yamemwiva. "Hawa wanaomba kumwona Pasha."

Njia ya bandani inapita jikoni. Mimount akayatazama mashati, akaitazama mibuti yao iliyojaa tope.

"Viatu nje," akasema.

Wakainama wote watatu, wakaanza kufungua kamba. Soksi ya mmoja ilikuwa imetoboka, kidole gumba kinachungulia, naye akajaribu kukificha nyuma ya mguu mwingine. Mimount akageukia jiko haraka na kuwasha moto chini ya kikaango, maana uso wake ulikuwa umekataa kabisa kukaa kikali.