Gari ya Mama Mkwe ni Gari Mbili, na Mimi Ndiye Natakiwa Kuipitisha

Admin, funika jina langu vizuri, kwa sababu hapa Mbooni mtu akisoma mistari miwili tu atajua ni mimi.

Niko na miaka arobaini na moja, bibi mmoja, watoto watatu. Shule niliacha nikiwa darasa la saba, lakini kwa mambo ya magari naweza kufundisha maprofesa na wakaandika. Nimeishi Mombasa, nimeishi Nairobi, nimeendesha magari ya matajiri na ya watu walijifanya matajiri. Hapa Kikima, soko letu la Mbooni, mtu hauzi gari kabla sijaipitia. Nafunga mlango mara moja, nasikiliza vile unalia. Nanusa oili. Halafu natoa sumaku yangu, niling'oa kwa spika ya redio iliyokufa, naipitisha bodi yote. Pahali inashika, hiyo ni bati. Pahali inateleza, chini ya rangi kuna puti, ule udongo wa kuziba mabonde, na hiyo gari iliwahi kulala kwa mtaro. Nikitaja bei muuzaji ananuna, lakini hakuna mtu amewahi kurudi kuniambia nilimdanganya. Hilo jina ndilo mali yangu.

Sasa limenileta kwa shida.

Mama mkwe wangu ni mjane. Kitinda mimba wake, nimwite Kyalo, anafanya kazi Nairobi, na alimletea steshen wagon nyeupe ikiwa na maua kwa boneti. Akatangaza mbele ya kanisa ati imeshuka kwa meli juzi juzi. Mama alilia, akina mama wakaimba. Tangu siku hiyo anaitwa Mama Gari, na akisikia hilo jina anatembea kama amevaa viatu vipya.

Sasa anataka kuiuza anunue matangi ya maji, kwa sababu kutembea mpaka mtoni magoti yamekataa. Wanunuzi ni chama cha akina mama wa kanisa lao. Wanataka gari ya kubeba maparachichi sokoni na kukimbiza wagonjwa hospitali. Mwenyekiti wao alisema, "Huyu mkwe wako akisema ni nzuri, sisi hata tairi hatuangalii." Kila mtu akapiga makofi. Hata mimi nilijipigia, niseme ukweli.

Wale hamjui, sisi Wakamba tuko na nthoni. Mama ya bibi yako humkazii macho, hukai karibu naye, na neno la aibu halitoki kwa mdomo wako mbele yake. Kwa hivyo siku ya kuipima gari, mimi nilikuwa kwa usukani, bibi yangu kando yangu, mama, Mwaitu kwa Kikamba chetu, nyuma kabisa kwa kona, na maneno yote yakapitia kwa bibi yangu kama posta, na sote tunasikizana.

"Mwambie bwana yako asibamize hiyo mlango, ni ya Kyalo."

"Mwaitu anasema usibamize mlango."

"Mwambie nimesikia."

Kwa kona za kuteremka niliona gari inavuta kushoto kama punda amekataa kwenda shamba. Nikasimama pahali pana. Mama akashuka kusalimia mtu wa kanisa lake, bibi yangu akamfuata. Nikatoa sumaku. Kwa paa, katikati, ikateleza. Kwa nguzo ya mlango, ikateleza. Nikainua kiti cha nyuma na kapeti yake. Wandugu, mshono wa welding umetoka mlango mpaka mlango, kama mtu amepasuliwa tumbo. Hiyo si gari. Ni gari mbili, mbele ya moja na nyuma ya ingine, zimeozeshwa bila wazazi kujua.

Nilirudisha kapeti nikakaa. Waliporudi mama akasema, "Muulize bwana yako mbona leo ako kimya. Siku zingine hata mvua haimnyamazishi."

Nikasema, "Mwambie nasikiliza injini."

Injini ilikuwa imezimwa.

Nikampigia Kyalo simu. Kwanza akakataa, halafu akasema alinunua gari iliyogongwa, fundi wa mtaani akamuunganishia nyuma ya ingine. "Shemeji, ningemletea mama nini na mshahara yangu? Nilitaka tu watu wamwimbie siku moja. Si wewe ni fundi wa mdomo? Tumia huo mdomo."

Nilitaka kumtukana, nikashindwa. Huyo kijana anampenda mama yake kwa njia ya kijinga.

Kitu kinaniuma zaidi ni hiki. Tulipomrudisha nyumbani, mama aliweka mkono juu ya paa, palepale katikati, akamwambia bibi yangu, "Mwambie aseme bei tu. Mambo ingine asiseme." Halafu akaingia ndani. Mpaka leo sijui kama anajua, na siwezi kumuuliza. Bibi yangu ananiuliza ni nini nimeona, nami namwambia ni tairi.

Nimefikiria nimuuze ng'ombe wangu wa maziwa, niinunue mimi mwenyewe, niikatekate iwe vyuma. Lakini hiyo ng'ombe ndio karo ya watoto, na akina mama watasema nimewaruka nikawanyang'anya gari yao.

Jumapili hii baada ya ibada watanisimamisha mbele, mama akiwa ameketi hapo na kitambaa chake kizuri, niseme neno langu. Kuwapeleka wale akina mama kwa kona za Mbooni juu ya ule mshono, hapana, hilo nimekataa. Nitasema. Lakini nitasemaje nisimvue mama yule nguo mbele ya watu, na nisimuue mtoto wake machoni pake?

Nyinyi mko na wakwe, mko na hekima, na wengine mmenishinda shule. Mimi mdomo wangu umeisha. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini kabla ya Jumapili?